Kimya cha Bondeni, Kimya cha Ukingoni

Anayetafuta makazi ya utulivu katika Milima ya Usambara hasumbuliwi na kukosa, husumbuliwa na kupata mara mbili. Ukipanda kutoka Mombo kwa ile lami nyembamba yenye kona juu ya kona, kilomita 30 na ushee, ukaipita Soni na kufika Lushoto, unaingia katika mabonde ya kabichi, karoti na viazi. Vijiji vimekaa juu ya miteremko, nyumba zimejificha migombani, na ikifika saa mbili usiku husikii ila mbwa wa mbali na maji ya kijito. Ukiendelea na safari ndani ya milima, kilomita nyingine zipatazo 60 hadi Mtae, unakuta ukingo: mlima unakatika ghafla, na chini yako nyika ya Mkomazi imelala hadi macho yanaposhindwa. Huko nako ni kimya, ila kimya cha upepo. Mtu ataonyeshwa kiwanja bondeni na kiwanja ukingoni. Hewa ni ya baridi kote kuwili, watu ni wakarimu kote kuwili, na anayetafuta atarudi Tanga au Dar es Salaam na picha mbili kwenye simu na moyo uliogawanyika. Nimekaa na swali hili muda mrefu, na kadiri ninavyolizungusha ndivyo ninavyoona kwamba wengi wetu tunalijibu kwa kupima yasiyohusika.

Tunapima mandhari, tunapima umbali kutoka lami, tunauliza kama nguzo za umeme zimefika. Hayo yana uzito wake na nitayarudia. Lakini kilichotutoa mjini ni utulivu, na utulivu ndio tusioupima, kwa sababu tunadhani ukishakuwepo kimya basi nao upo. Kiswahili hakikuyachanganya maneno haya. Kimya ni kukosekana kwa sauti tu. Kijiji ambacho vijana wake wote wamekwenda mjini kutafuta riziki ni kimya. Kijiji ambacho koo mbili zimeacha kusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba ni kimya pia, pengine zaidi, na hicho ndicho kimya ambacho wahenga walituambia kina mshindo mkuu. Utulivu ni kitu kinachofanyiwa kazi: kuna watu wanaoukalia vikao, wanaouchangia fedha, wanaouamkia asubuhi na majembe. Ninachoshikilia hapa ni kwamba kati ya vijiji viwili vya kimya, mtu achague kile ambacho watu wake bado wanakutana, wanabishana na kuyamaliza mabishano yao, hata kama kile kingine kina mandhari bora na barabara nzuri zaidi.

Nianze na maji, maana maji hayafichi kitu. Vijiji vingi vya Usambara vinatumia maji ya mserereko: chanzo kiko juu, aghalabu pembeni mwa msitu, bomba linashuka hadi kwenye tangi, na kutoka tangini yanagawanywa kwenye vilula ambako watu hukinga ndoo zao za lita 20. Mgeni akifika kwenye kilula huangalia kama maji yanatoka. Aangalie koki. Iko koki iliyofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, mpira wenyewe umeshapauka kwa jua, chini yake pamechimbika dimbwi, na kando ya dimbwi pana mawe yaliyopangwa ili mchotaji asikanyage tope. Mawe yale yanakueleza kwamba uvujaji si wa juzi: watu wameshauzoea, kila mmoja ameutafutia njia yake ya kuukwepa, na hakuna aliyeita kikao. Iko koki nyingine, kuukuu vilevile, lakini saruji ya shina lake ni mpya kuliko ya ukuta, na kuna mfereji mdogo uliochongwa kupeleka maji yaliyomwagika kwenye shamba la magimbi. Vilula hivi viwili vinaweza kuwa vya mradi mmoja, vilivyojengwa mwaka mmoja na fundi mmoja. Kilichovitenganisha ni watu wanaovizunguka. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, miradi ya vijijini inasimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, pamoja na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, na chombo cha namna hiyo kina viongozi, kina makusanyo na kina daftari. Ukiuliza daftari liko kwa nani na mapato na matumizi yalisomwa lini mara ya mwisho, jibu utakalopata litakuambia mengi kuliko kiwango cha maji kwenye tangi.

Chanzo chenyewe kinaeleza zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mita hizo katika Usambara ni dhahabu. Ndipo penye unyevu wakati wa kiangazi, ndipo kabichi inapostawi wakati bei iko juu, na ardhi ya kulima ni haba kiasi kwamba watu wanalima miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili. Ofisa wa wilaya hawezi kulala kwenye kila kijito. Ukikuta chanzo ambacho miti yake imesimama na hakuna jembe lililosogea, jua kuna mtu mwenye njaa ya ardhi aliyekatazwa na jirani zake akakubali, na kuna jirani aliyekuwa na ujasiri wa kumkataza mtu ambaye kesho watazikana. Kazi hiyo imefanywa na watu wanaosemezana, na msitu peke yake usingeiweza.

Hapa nitaambiwa, na kwa haki, kwamba Wasambaa wenyewe hawakuchagua makazi kwa kusikiliza mikutano. Walichagua mahali. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, ameeleza vizuri kwa nini vijiji vingi vya zamani vilikaa karibu na ukingo wa milima. Aliyekaa ukingoni aliweza kulima kule juu Shambaai kwenye baridi na migomba, na pia kushuka kulima nyikani kwenye joto na mazao mengine. Mvua ikikosekana huku, huenda kule ingepatikana. Huo ulikuwa uchaguzi wa busara, na anayesimama Mtae leo akaitazama nyika chini yake bila kujua hesabu hiyo ameona nusu tu ya mandhari. Kwa hiyo mahali ni jambo, sikatai. Ila tuitazame hesabu yote. Shamba la nyikani halikuwa na faida kwa mtu ambaye hakuweza kushuka kwa amani na kupanda kwa amani. Ndiyo maana katika fikra za Wasambaa kulikuwa na maneno mawili mazito, ambayo Feierman huyohuyo ameyachambua: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua, mavuno na njaa vilihusishwa na ushindani kati ya wenye nguvu. Ushindani wao ulipokoma, nchi ilipona. Nguvu ilipoingia dhidi ya nguvu, nchi iliharibika. Baada ya mfalme wao Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, warithi waligombana kwa miaka mingi, na milima ileile, yenye udongo uleule na ukingo uleule, ikawa mahali pa kukimbiwa. Waliochagua ukingo kwa akili zao zote hawakuokolewa na ukingo.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukapanuliwa katika Usambara. Kitaalamu mpango ulikuwa na hoja: miteremko ilikuwa inamomonyoka kweli. Lakini watu waliamriwa kuchimba matuta kwa nguvu, mzigo mkubwa wa kazi ukawaangukia wanawake, na aliyekaidi aliadhibiwa. Upinzani ulikua mpaka ukawa siasa, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ulikuwa umeachwa. Nauleta mfano huu kwa sababu anayetafuta makazi huvutiwa na vitu vilivyojengwa: shule mpya, tangi jipya, ofisi ya kijiji yenye bati la rangi. Vitu hivyo vinaweza kuletwa kutoka juu katika mwaka mmoja. Swali ni kama vina wenyewe.

Ardhi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa mgeni anaingia kijijini kwa mlango wa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, na hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kuna hatimiliki ya kimila, kuna baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Sheria hiyohiyo imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Kwenye karatasi, kijiji cha bondeni na kijiji cha ukingoni vina mlango wa aina moja. Njoo kwenye utendaji. Mahali fulani mauziano hufanyika jioni, kwa mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, karatasi inaandikwa, muhuri unagongwa, fedha zinahesabiwa juu ya meza. Mkutano mkuu hausikii. Dada wa muuzaji, aliyeolewa kijiji cha pili na ambaye baba yao alimwachia sehemu ya shamba hilo, hasikii pia. Miaka inapita, nyumba imeezekwa, ndipo dada anarudi kwao na madai yake ya haki. Mnunuzi atasema hakujua, na kweli hakujua, kwa sababu alichagua kijiji ambacho hakina pahali pa kujulia. Kwenye kijiji kinachokutana, dada yule angekuwa amesimama mkutanoni kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la hospitali na barabara. Mtu atasema: mikutano haitibu presha. Mama mjamzito aliyepata uchungu usiku wa masika hasaidiwi na muhtasari wa kikao. Ni kweli, na simwambii mtu mwenye maradhi yanayohitaji daktari kila wiki aende kuishi ukingoni kwa sababu ya uzuri wa mkutano mkuu. Huyo akae karibu na Lushoto au Bumbuli, zilipo hospitali, na hoja yangu haimhusu. Mwaka 2007 serikali iliweka sera kwamba kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya, lakini anayeishi vijijini anajua kwamba kuna jengo, kuna muuguzi na kuna dawa, na si lazima vitatu hivi viwe chini ya paa moja siku unayovihitaji. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, hata hivyo, barabara nayo inageuka kuwa suala la watu. Barabara za udongo za Usambara haziharibiwi na magari kama zinavyoharibiwa na maji. Mtaro ukiziba majani, maji yanapanda juu ya njia, yanachora ufa, na kwa mvua tatu ufa umekuwa korongo. Kijiji ambacho watu wanatoka kwa msaragambo kuzibua mitaro kabla ya vuli na kabla ya masika kinapitika wakati kilicho karibu zaidi na lami kimekatika. Na barabara ikikatika kabisa, mgonjwa anashuka kwa machela au kwa bodaboda inayoshikiliwa na vijana wawili pembeni. Nani atashika hiyo machela kwa ajili ya mtu wa kuja, saa nane za usiku? Anayepima umbali wa hospitali kwa kilomita tu ameacha kupima sehemu ya safari iliyo ngumu kuliko zote.

Wengine watanipinga kutoka upande mwingine. Kijiji chenye mikutano mingi, watasema, ndicho chenye majungu, siasa za vyama, mchango wa hiki na mchango wa kile, na watu wanaotaka kujua umepika nini. Mtu amekimbia kelele za mjini halafu umpeleke kwenye kelele za kikao? Pingamizi hili nalielewa kwa moyo wote, maana hakuna anayependa kuchangishwa kila Jumapili. Lakini tuangalie kelele zinakwenda wapi. Ugomvi wa mpaka utakuwepo kwenye kila kijiji chenye mashamba membamba, na Usambara yote ni ya mashamba membamba. Ukisemwa mbele za watu, wazee wanakwenda shambani, wanaangalia masale yaliyopandwa mpakani, wanamuuliza bibi aliyekuwepo siku yalipopandwa, na mambo yanapata mwisho, hata kama kuna aliyenuna. Usiposemwa, hauishi. Unahamia kwenye mazao yanayong'olewa usiku, kwenye maneno ya uchawi, kwenye kesi za wilayani zinazokula mbuzi na ng'ombe wa pande zote mbili. Kijiji cha namna hiyo kinaweza kuwa kimya sana mchana. Na kuhusu watu kutaka kujua umepika nini: atakayetaka asijulikane kabisa, mji mkubwa unampa hilo kwa bei nafuu kuliko kijiji chochote.

Swali la haki linalobaki ni kama mgeni anaweza kuyaona haya kwa ziara ya siku mbili. Si yote, lakini anaweza kuona zaidi ya anavyodhani akiacha kwenda Desemba. Mwezi huo wenyeji waliotawanyika wamerudi, kila kijiji kinachangamka, kuna nyama na kuna muziki, na kijiji kilichokufa kinaonekana hai kwa majuma mawili. Aende Aprili, mvua ikinyesha. Asome ubao wa matangazo kwenye ofisi ya kijiji: mkutano mkuu unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na karatasi ya mapato na matumizi ina tarehe. Aangalie njia za mguu zinazokatiza mashamba, kama bado zinapitika au zimefungwa kwa miiba na mabishano. Zaidi ya yote, akibahatika kukuta msiba (naomba radhi kusema kubahatika), akae. Aone kama wanaokoroga uji, wanaochimba kaburi na wanaoandika rambirambi kwenye daftari ni wa ukoo mmoja au wamechanganyika, kama Mwislamu yuko kwa Mkristo na Mkristo kwa Mwislamu, maana Usambara wanaishi pamoja. Aone nani anapewa neno la mwisho na nani ananyamazishwa. Alasiri moja msibani inamfunza mtafuta makazi mambo ambayo dalali hatayasema hata akipewa asilimia kumi ya ziada.

Nimeacha mwisho jambo ambalo sisi watafuta makazi hatupendi kulitazama: tishio kubwa kwa utulivu tunaoufuata huenda ni sisi wenyewe. Mtu wa mjini akifika na fedha taslimu, bei inapanda kwa jirani mwenye watoto watano wanaohitaji pa kulima. Akijenga ukuta, njia ya wanawake ya kwenda kuchota maji inazunguka. Akiunga bomba lake juu ya tangi la kijiji, vilula vya chini vinakauka adhuhuri, na mwanafunzi anachelewa shule kwa sababu ya bustani ya maua. Kijiji kisicho na uwezo wa kumzuia mgeni huyu hakitamzuia wa pili, yule atakayefungua baa yenye spika kubwa au kuweka mashine ya kupasua mbao mkabala na baraza la wa kwanza. Kwa hiyo halmashauri inayokujibu kwamba ombi lako litangoja mkutano mkuu inakulinda, ingawa siku hiyo utaona inakuchosha. Itakutaka uje mwenyewe usimame mbele ya watu useme kwenu ni wapi, utalima nini, kiwanja kikikaa bila wewe nani atakitunza, na ile njia inayopita katikati utaiacha wazi au la. Huenda wakakukatalia. Huenda wakakupa sehemu ndogo kuliko uliyoonyeshwa, mbali na kijito. Ikiwa kijiji cha bondeni kiko tayari kunigongea muhuri jioni hiyohiyo na kijiji cha ukingoni kinasema subiri, nitawasubiri wa ukingoni, pamoja na kilomita zao 60 za ziada. Na ikiwa mambo ni kinyume chake, nitabaki bondeni, na nyika ya Mkomazi nitakwenda kuitazama siku za matembezi.